Kubadili Sproketi za Pikipiki kwa Njia Ngumu za Vijijini: Mambo ya Kuzingatia Nachingwea na Ruangwa

Mvua za Mkoa wa Lindi hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo njia nyingi za mashambani za wilaya za Nachingwea na Ruangwa hupitika kwa pikipiki au kwa miguu tu. Mwendesha pikipiki anayetoka Mtua akiwa amebeba mbegu, dawa za mikorosho au mgonjwa anayewahishwa zahanati, hupita kwenye udongo wa mfinyanzi unaonata, mchanga wa makorongo na miinuko yenye mizizi na mawe, kwa mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima angeweza kuufuata. Pikipiki anayoiendesha, hata hivyo, ilipangiwa gia kiwandani kwa ajili ya barabara iliyonyooka. Ndiyo maana harufu ya klachi inayoungua imekuwa jambo la kawaida kwenye milima ya maeneo hayo, na ndiyo maana mizigo mingi huishia kusukumwa kwa mikono.

Jibu ambalo mafundi wengi hulitoa ni kubadili sproketi. Jibu hilo ni sahihi. Tatizo liko katika namna linavyotekelezwa: mara nyingi hufungwa sproketi kubwa kupita kiasi nyuma, kava la cheni likatupwa kwa sababu halitoshei tena, na mwenye chombo akarudi barabarani bila kuelezwa kilichobadilika. Kwa pikipiki nyingi za biashara na za kazi katika wilaya hizi mbili, kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele kunatosha, kunagharimu kidogo, na kunaacha kava mahali pake.

Uwiano wa meno na maana yake

Sproketi ni gurudumu la chuma lenye meno yanayoshikana na cheni. Kila pikipiki ya cheni inazo mbili. Ndogo iko mbele, imefungwa kwenye shafti inayotoka ndani ya giaboksi. Kubwa iko nyuma, imefungwa kwenye hubu ya gurudumu. Idadi ya meno ya nyuma ikigawanywa kwa idadi ya meno ya mbele, linalopatikana ni uwiano wa mwisho wa gia, na tarakimu hiyo moja ndiyo inayoeleza tabia ya pikipiki kuliko maelezo yoyote ya dukani.

Chukua mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Uwiano wake ni 3.00, maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Ikiwekwa ya mbele yenye meno 13, uwiano unapanda hadi 3.23. Nguvu ya kusukuma inayofika kwenye tairi huongezeka kwa takriban asilimia 7.7, na mwendo kwa mizunguko ileile ya injini hupungua kwa takriban asilimia 7. Ikiachwa 14 mbele na kuwekwa 45 nyuma, uwiano unakuwa 3.21, yaani karibu matokeo yaleyale. Ndipo ilipotoka kauli ya mafundi kwamba jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Kauli hiyo ni sahihi kwa pikipiki yenye uwiano unaokaribia 3. Kwa nyingine hesabu lazima ifanywe upya.

Yakibadilishwa yote mawili kwa pamoja, 13 mbele na 45 nyuma, uwiano unafika 3.46 na nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa asilimia 15. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 10 kwa saa kwenye gia ya kwanza bila kushikilia klachi itaenda kilomita 8.7 kwa saa kwa mizunguko ileile ya injini. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye korongo lenye mchanga, ndiyo tofauti kati ya injini inayovuta kwa utulivu na injini inayozima ikiwa katikati ya njia.

Ifahamike kwamba injini haiongezewi nguvu yoyote. Kanuni inayofanya kazi hapa ni ileile ya nyenzo: kinachoongezeka kwenye msukumo hulipwa kwenye mwendo. Mwananchi anayeahidiwa kwamba sproketi mpya itaipa pikipiki msukumo zaidi mlimani na mwendo zaidi kwenye lami kwa pamoja anadanganywa.

Klachi ndiyo inayolipa gharama

Pale gia ya kwanza inapokuwa ndefu kuliko njia inavyohitaji, mwendeshaji hana namna ila kushikilia klachi nusu. Plate za klachi zinateleza, zinapata joto, na joto hilo linaingia kwenye oili ileile inayolainisha injini, kwa kuwa pikipiki nyingi zinazotumika vijijini zina klachi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini. Injini hizo pia hupoozwa na upepo wa mwendo. Kwa kilomita 8 kwa saa, jua la Lindi likiwa juu na abiria akiwa nyuma, upepo huo haupo. Oili inakuwa nyepesi kupita kiasi, plate zinakwisha kabla ya wakati, na mwenye chombo hulipia ufundi wa klachi akidhani amenunua pikipiki mbovu.

Uwiano mfupi huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwa kuwa klachi inaweza kuachiwa kikamilifu kwenye mwendo mdogo. Faida nyingine ni kwenye mteremko. Injini yenye uwiano mfupi huzuia mwendo kwa nguvu zaidi pale mafuta yanapoachiwa, na breki za ngoma, ambazo hupungua ukali zikilowa maji au zikipata joto, hupata msaada. Faida hiyo ina upande wa pili: kwenye mfinyanzi uliolowa, kuachia mafuta ghafla kunaweza kufanya gurudumu la nyuma liburuzike. Mwendeshaji aliyezoea uwiano wa zamani anahitaji siku chache za kujifunza mkono mpya kabla ya kupakia abiria.

Jambo hilo si geni duniani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Honda ya Japan iliuza Marekani pikipiki ndogo za porini zilizokuwa na sproketi mbili kwenye gurudumu la nyuma, moja ya barabarani na moja kubwa ya milimani. Mwenye chombo alisimama mwanzo wa njia, akaongeza kipande cha cheni, akahamishia cheni kwenye sproketi kubwa, akaendelea. Baadaye kampuni hiyo iliweka mkono wa kubadili uwiano ndani ya giaboksi. Waendeshaji wa mashindano ya milimani huko Ulaya nao hubadili sproketi kulingana na njia ya siku hiyo. Tofauti ni kwamba wao hawana abiria wala gunia la ufuta nyuma yao.

Mbele au nyuma

Uamuzi wa wapi pa kubadili unategemea mambo matatu: nafasi, urefu wa cheni na kiasi cha mabadiliko kinachohitajika.

Sproketi ya mbele ni ndogo na bei yake ni ya chini. Kuifungua huhitaji kuondoa kifuniko cha upande wa injini na boliti chache, kazi ambayo fundi mzoefu huimaliza ndani ya saa moja. Cheni iliyopo hubaki. Kinachofanyika ni kusogeza gurudumu la nyuma kidogo ili kuondoa ulegevu unaotokana na jino lililopungua. Upungufu wa njia hii ni kwamba sproketi ndogo huikunja cheni kwa kona kali zaidi. Kila kiungo kinapinda zaidi kinapopita, pini na bushi zake zinasuguana zaidi, na cheni inachakaa upesi kuliko ilivyokuwa. Aidha, cheni hushuka karibu zaidi na mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, na kinga ya plastiki iliyowekwa hapo huliwa. Kwa sababu hizo, kushuka jino moja ni jambo la busara, kushuka mawili kunahitaji uangalizi, na kushuka zaidi ya hapo hakushauriwi kwa pikipiki inayobeba abiria kila siku.

Sproketi ya nyuma hutoa nafasi ya kupanga uwiano kwa hatua ndogo, kwa kuwa jino moja la nyuma hubadilisha takriban asilimia 2.4 tu. Pia haiikunji cheni kwa ukali. Hata hivyo, kila meno mawili yanayoongezwa nyuma huhitaji kiungo kimoja zaidi cha cheni, na cheni iliyopo ikitumika bila kuongezwa, gurudumu husogea mbele kwa milimita 6 hadi 7. Kwa meno matatu husogea takriban milimita 10, na mara nyingi nafasi hiyo haipo. Cheni mpya ndefu inabidi inunuliwe, na kwa kuwa viungo vya cheni huenda kwa jozi, kimoja chembamba na kimoja kipana, huongezwa viwili viwili. Anayenunua sproketi ya nyuma peke yake akidhani amemaliza hurudi dukani siku hiyohiyo.

Kwa mwendeshaji anayetoka Mtua kwenda mjini Nachingwea mara kwa mara na kurudi kwa njia za shamba, jino moja la mbele ndilo jibu. Kwa pikipiki isiyotoka kabisa porini, kwa mfano ile ya mwenye shamba la mikorosho inayozunguka ndani ya shamba na kubeba mizigo hadi ghala la AMCOS, 13 mbele na meno mawili au matatu zaidi nyuma vinaweza kuhesabiwa haki, mradi kava linatoshea.

Kava la cheni lisitolewe

Pikipiki nyingi za ujazo wa sentimita 100 hadi 150 zinazotumika kwa biashara ya bodaboda, zikiwemo za jamii ya Boxer na TVS, huja na kava linalofunika cheni yote. Kava hilo limepimwa kwa sproketi ya kiwandani na nafasi iliyobaki ndani yake ni ndogo. Sproketi kubwa ya nyuma inapowekwa, cheni hugonga kava, kelele inaanza, na fundi hulikata au kulitupa.

Hasara ya kwanza ni ya cheni yenyewe. Mchanga wa makorongo ukichanganyika na oili ya cheni huwa kama tupa: kila mzunguko unakwangua pini na meno. Cheni iliyo wazi katika njia za Nachingwea wakati wa mvua huhitaji kusafishwa karibu kila siku, na ni wachache wanaofanya hivyo. Seti iliyotegemewa kudumu msimu mzima huisha katikati yake, na faida yote ya uwiano mpya inaliwa na gharama ya cheni.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Abiria wengi wa vijijini ni wanawake waliovaa kanga au kitenge, wengi wakiwa na mtoto mgongoni, na wengine hukaa upande. Pindo la kanga likiingia kati ya cheni na sproketi iliyo wazi huvutwa kwa nguvu ileile iliyoongezwa ili kupanda mlima, na abiria huvutwa pamoja nalo. Mguu wa mtoto uko katika hatari hiyohiyo. Hakuna sababu ya kiufundi inayotosha kuondoa kava kwenye pikipiki inayobeba watu. Sproketi isiyotoshea ndani ya kava haifai kwa pikipiki hiyo, hata kama uwiano wake ni mzuri.

Kuchagua vipuri

Kabla ya kununua chochote, meno yahesabiwe. Sproketi nyingi zimepigwa muhuri wa idadi ya meno na ukubwa wa cheni, lakini pikipiki iliyokwisha kupita kwa wamiliki wawili au watatu inaweza kuwa na sproketi isiyo ya kiwandani, na anayepunguza jino kutoka kwenye hesabu ya kitabu anaweza kujikuta amepunguza mawili.

Ukubwa wa cheni nao ni lazima ulingane. Cheni ya 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za ujazo wa 125 na 150, ina umbali wa milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Cheni ya 420 ina umbali uleule lakini ni nyembamba zaidi. Kwa sababu hiyo sproketi ya 420 inaweza kuonekana kukubali cheni ya 428, ikazunguka vizuri kwenye karakana, kisha cheni ikayumba na kutoka ikiwa na mzigo. Cheni ya 520, inayopatikana kwenye pikipiki kubwa zaidi za porini, ina umbali wa milimita 15.9 na haiingiliani kabisa na hizo mbili. Idadi ya mito ya ndani ya sproketi ya mbele inayoshika shafti, pamoja na mpangilio wa matundu ya boliti ya sproketi ya nyuma, hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hivyo ni vyema sproketi ya zamani ipelekwe dukani kama kipimo.

Bidhaa bandia ni tatizo la kweli katika vipuri vya pikipiki. Sproketi ya chuma laini hunoa meno yake kama msumeno ndani ya muda mfupi na kuiharibu cheni pamoja nayo. Mnunuzi anashauriwa kudai risiti ya kielektroniki, kutunza boksi la kipuri, na akibaini alama ya biashara iliyoghushiwa, kutoa taarifa Tume ya Ushindani (FCC), yenye jukumu la kusimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Sproketi mpya isifungwe na cheni iliyochakaa. Cheni huongezeka urefu inavyotumika, na cheni iliyorefuka haikai vizuri kwenye meno mapya. Huyala hadi yalingane nayo. Kipimo chake ni rahisi na kinahitaji rula tu. Cheni ya 428 au 420 ikivutwa ikakaza, umbali wa viungo 20 kutoka pini hadi pini unapaswa kuwa milimita 254. Ukifika milimita 259, cheni imekwisha na ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili.

Kazi yenyewe

Pikipiki isimamishwe kwenye stendi kubwa mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Onyo hili si la kupamba maandishi. Kupaka oili au kufuta cheni huku injini ikizungusha gurudumu kumewakata watu vidole, na uwiano mfupi unaongeza nguvu ya cheni hiyo.

Boliti za sproketi ya mbele hulegezwa kwanza, wakati cheni bado imefungwa na breki ya nyuma imekanyagwa, kwa kuwa cheni ikishatolewa sproketi huzunguka na spana. Baadaye nati ya ekseli ya nyuma hulegezwa, gurudumu husogezwa mbele, na cheni huondolewa. Matope yaliyogandamana nyuma ya kifuniko husafishwa, na eneo la sili ya shafti hukaguliwa kama linavuja oili. Hapo ndipo mahali pazuri pa kugundua uvujaji kabla haujaingia kwenye gharama.

Sproketi mpya ikishakaa, bamba lake la kufungia hurudishwa na boliti hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Cheni hurudishwa, na kama ina kiungo cha klipu, upande uliozibwa wa klipu huelekezwa kule cheni inakokwenda, ili kinachogongana nayo kisiifungue. Gurudumu husogezwa nyuma hadi ulegevu wa cheni ufikie kiwango cha kitabu, ambacho kwa pikipiki nyingi za aina hii huwa kati ya milimita 20 na 30 katikati ya cheni ya chini. Alama za pande zote mbili za ekseli lazima zilingane. Cheni iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo, kwa sababu gurudumu linapopanda na kushuka kwenye mashimo hukaza zaidi na kuumiza beringi ya shafti.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni breki. Gurudumu la nyuma likisogezwa, fimbo ya breki ya ngoma nayo hubadilika urefu wake wa kazi, na pedali inaweza kwenda chini bila kushika au breki ikabaki imeshika. Fimbo irekebishwe, taa ya breki ijaribiwe, na pikipiki iendeshwe polepole bila abiria kwa kilomita chache kabla ulegevu wa cheni haujapimwa tena.

Tairi nalo lihesabiwe. Anayefunga tairi la porini lenye vipande vikubwa na kipenyo kilichozidi kile cha awali kwa asilimia 4 amerefusha uwiano wake kwa kiasi hicho, na zaidi ya nusu ya faida ya jino moja imekwenda.

Barabara ya lami inadai hesabu nyingine

Nachingwea ilikuwa na reli. Njia hiyo ilijengwa kutoka Mtwara wakati wa mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ulioanza mwaka 1947, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mizigo ya maeneo hayo hutegemea barabara. Leo Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) inasimamia barabara kuu na za mkoa, na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia za wilaya. Kujengwa kwa barabara ya Nanganga hadi Ruangwa kwa kiwango cha lami kumebadili hesabu ya mwendesha pikipiki, kwani siku moja anaweza kutoka kwenye njia ya ng'ombe na kuingia kwenye barabara inayopita mabasi na malori.

Pikipiki iliyokuwa ikisafiri kilomita 80 kwa saa kwa mizunguko fulani ya injini itakwenda takriban 74 kwa mizunguko ileile baada ya kupunguza jino moja mbele, na takriban 69 kwa uwiano wa 13 na 45. Mwendeshaji anayeng'ang'ania 80 huisukuma injini izunguke zaidi, anatumia mafuta zaidi, na injini inachoka. Aidha hubaki na akiba ndogo ya mwendo pale anapotaka kulipita gari. Kwa pikipiki zinazosoma mwendo kutoka gurudumu la mbele, spidomita hubaki sahihi. Kwa zile zinazosoma kutoka kwenye giaboksi, mshale utaonyesha mwendo mkubwa kuliko ulivyo, na umbali unaoandikwa utazidi ule halisi.

Uwiano mfupi, vilevile, usichukuliwe kuwa kibali cha kuongeza mzigo. Nguvu iliyoongezeka kwenye gurudumu la nyuma, mzigo ukiwa umekaa nyuma ya ekseli, huinua gurudumu la mbele mlimani, na usukani unapoinuka hakuna uelekezi. Fremu, rimu na breki ni zilezile za awali. Kubeba abiria zaidi ya mmoja, maarufu kama mishikaki, kunabaki kuwa kosa hata kama pikipiki inavuta vizuri, na kofia ngumu ni ya lazima kwa dereva na abiria kwenye njia ya shamba kama ilivyo kwenye lami.

Pikipiki za umma na mafundi wa vijijini

Maafisa ugani wa wilaya hizi ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa njia ngumu, hasa baada ya Serikali kugawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini mwaka 2022. Pikipiki hizo ni mali ya umma. Afisa anayeona uwiano wa chombo chake haufai kwa kata anayohudumia awasilishe maombi kwa mwajiri wake, mabadiliko yakaandikwa kwenye kumbukumbu za chombo, na kazi ikafanywa kwa utaratibu wa matengenezo ya vyombo vya Serikali. Sproketi ya awali itunzwe, kwa sababu afisa anayehamishiwa kituo chenye barabara nzuri atamwachia mwenzake chombo hicho. Mwenye pikipiki mpya ya binafsi naye aulize kwa muuzaji kama mabadiliko hayo yanagusa dhamana kabla hajafungua boliti ya kwanza.

Mafundi wengi wa vijijini wamejifunza kazi kwa kuiona ikifanywa, na ustadi wao ni wa kweli. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya na kupewa cheti bila kulazimika kuanza darasani. Fundi mwenye cheti hicho anaweza kupata kazi za taasisi, na mteja naye anapata mtu wa kumuuliza kazi inapoharibika.

Kwa wanaochagua kubadili kwa msimu, wakati unaofaa ni Novemba, kabla mvua hazijashika, na kurudisha sproketi ya awali mwezi Mei, ufuta unapoanza kupelekwa maghalani na njia zikiwa zimekauka. Cheni ipimwe kwa rula katika kila badiliko. Sproketi iliyotolewa ifutwe, ipakwe oili, ifungwe kwenye karatasi iliyoandikwa idadi ya meno na tarehe iliyotolewa, na ihifadhiwe nyumbani pamoja na kadi ya pikipiki.